Mgongo wa Ninahazwe

Mimi sina subira, na hiyo si siri. Kwenye kituo chetu cha afya hapa Kalundu, bandarini Uvira, wananiita Mama Agathe wa Kalamu, kwa sababu miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye meza ya mlangoni nikiandika fishi, zile kadi za wagonjwa, na anayejibu kwa kuzungukazunguka namgongea kalamu mezani. Jina? Umri? Unaumwa nini? Ukianza kunisimulia ndoto uliyoota nakuambia hiyo mpelekee padri. Mtu akinificha ugonjwa namtupia methali ya wazee: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Basi anayesikia leo kwamba mimi ndiye niliyezungukazunguka, tena kwa neno moja tu, na neno hilo likala miaka sita ya mwanamke wa watu, anaweza kucheka. Acheke. Mimi nimeshalia vya kutosha.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Ninahazwe. Ni mzaliwa wa Lubarika, kule kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, na alishuka huku ziwani akiwa bibi ya Onesphore, mpakuzi wa mizigo bandarini. Hakuwa mtu wa kukaa akingoja kuletewa. Mwezi haukuisha akawa ameingia kundi la wanawake wanaobeba magunia: mkanda unapita kwenye paji la uso, gunia la unga wa muhogo linalala mgongoni, na mtu anapanda nalo kutoka kwenye maboti mpaka barabara kubwa, macho chini, bila kusema neno. Alikuwa mwembamba, huwezi kudhani. Lakini wenzake wenyewe, wanawake wenye shingo kama mashina, walimwita Kamyoni, yaani lori, na yeye alilipenda jina hilo. Nilikuwa namsikia akicheka kabla sijamwona.

Mimba ya kwanza alikwenda kuzalia kwa mama yake, ndivyo desturi inavyotaka. Mtoto alikuwa mkubwa, msichana, akamchana wakati wa kutoka, na huko huko akashonwa. Akarudi Kalundu na mtoto mgongoni. Miezi minne baadaye akaja mbele ya meza yangu.

Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokotaokota. Akainama mpaka mdomo ukagusa kitambaa changu cha kichwa, akanong'ona kwa Kirundi. Mama yangu mzazi alikuwa Mrundi, lugha hiyo nimeinyonya pamoja na maziwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu na nikaelewa kila kitu. Alisema: bwana yangu akinikaribia, birambabaza, inaniuma. Inaniuma kama kisu, mlangoni kabisa. Nauma shuka ili asisikie. Kabla ya mtoto haikuwa hivi.

Upande wa pili wa meza alikuwa amekaa Bruno, mganga wetu kijana, wakati huo hajafika hata miaka thelathini, mwimbaji wa kwaya, mtoto wa Kindu. Kijana mzuri, mwenye mikono safi. Akaniuliza: "Anasema nini, mama?"

Ee Mungu wangu. Mimi ambaye ulimi wangu haumwogopi hata chifu, nikasikia shingo inawaka moto. Kijana wa umri wa mwanangu, nimwekee maneno yale mezani? Sasa, kwetu huku tuna neno la kujisitiri. Mwanamke akiwa kwenye siku zake anasema mgongo. Akitokwa na uchafu, mgongo. Asipotaka kulala na bwana, mgongo. Mwanamke mwenzake akisikia anaelewa, anamvuta pembeni na kumuuliza, mgongo upi? Basi nikasema: "Anaumwa mgongo." Nikakohoa kidogo ili aelewe. Lakini mtu wa Kindu atajuaje kikohozi cha Uvira?

Bruno akamsimamisha, akambonyeza uti wa mgongo toka juu hadi chini. Akauliza anafanya kazi gani. Nikajibu anabeba magunia pale bandarini. "Basi ndiyo hiyo," akasema, akafurahi kabisa, na kwenye fishi akaandika *lombalgie*, yaani mgongo wa Kifaransa. Akampa vidonge. "Mwambie aache kubeba."

Hilo nililitafsiri vizuri sana. Ninahazwe akanitazama. "Kubeba kunahusu nini?" akaniuliza kwa Kirundi. Nikamjibu kwamba mganga ndiye anayejua, anywe dawa, kisha nikagonga kalamu na kumwita anayefuata.

Akatii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mkanda wake akamwachia mwenzake. Akawa anakaa nyumbani, anaanika ndagala, yaani dagaa, anaziuza kwa vikombe mlangoni. Kicheko chake sikukisikia tena njiani, nikadhani ni kwa sababu hapiti.

Baada ya wiki tano akarudi. Akanong'ona tena: "Mwambie si mgongo." Bruno akauliza, anasema nini? Foleni ilikuwa ndefu, wanaume wawili wamesimama nyuma yake, mmoja nilimjua kanisani. Nikasema: "Anasema bado." Bruno akafungua fishi, akaona *lombalgie*, akaandika *lombalgie* na kumwongezea vidonge. Mara ya tatu Ninahazwe hakuninong'oneza kitu. Alimwangalia Bruno na kumwambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Mugongo." Alikuwa amejifunza.

Watu watasema, na bwana yake je? Hapo ndipo pabaya, maana Onesphore hakuwa mtu mbaya. Hanywi kupita kiasi, hapigi. Kila mara alipomsogelea na kumwona anakaza meno, alimuuliza, iko wapi inauma? Naye angejibu nini? Aliwahi kumwambia, wewe ndiye unaniumiza, na Onesphore akakaa siku tatu bila kula nyumbani kwa huzuni. Basi Ninahazwe akarudi kwenye neno la fishi: mgongo. Onesphore akaja kituoni kumuuliza Bruno mwenyewe. Bruno akamweleza kwamba mgongo unataka kulala mahali pagumu. Jumamosi moja nikamwona Onesphore anatoka sokoni Mulongwe na godoro jipya kichwani, lile wanaloliita la hospitali, gumu kama benchi. Akasimama kunisalimu, jasho linamtiririka. "Mama Agathe, sasa mugongo ya bibi yangu itapona," akaniambia, anacheka. Nikamjibu Mungu akubariki. Kinywa hiki hiki.

Na kweli mgongo ulipona, maana haukuwahi kuuma. Kila mtu aliona. Ninahazwe aliinama kufua, alipandisha ndoo za maji kutoka ziwani, mwaka wa mafuriko alibeba mabati ya nyumba yao na mtoto juu yake. Lakini bwana akimgusa alikuwa anakakamaa mwili mzima kama ubao. Mtoto wa pili hakuja. Maneno yakaanza pale kwenye bomba: huyo ana mtu mwingine, huyo amefungwa na uchawi wa kwao, huyo hampendi bwana, mnaona anavyobeba ndoo? Onesphore alivumilia miaka sita. Kisha akaenda kumweleza kaka yake mkubwa.

Kaka yake, Déogratias, akaita familia nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa. Hapa lazima niseme jambo, bila hilo hamtanielewa. Vainqueur, mtoto wa Déogratias, ndiye aliyemuoa binti yangu Mapendo. Ni mkwe wangu. Na kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani machoni. Hatuli sahani moja. Tukikutana njiani, mmoja anampisha mwenzake. Neno tumbo silisemi mbele yake, sembuse mengine.

Ninahazwe ndiye aliyeomba niitwe. Jana yake alikuja kwangu, akapiga magoti kwenye sakafu. "Mama, mke hana mdomo mbele ya shemeji na wazee. Wewe unajua nilichosema siku ya kwanza. Kesho uwe mdomo wangu." Nikamwinua. Nikamwambia nitasema. Niliapa kwa Bikira Maria kwamba nitasema.

Uani kwa Déogratias viti vya plastiki vilipangwa duara. Wanaume saba, wanawake wanne. Ninahazwe alikaa mkekani, kichwa chini, mtoto wake ameegemea bega lake. Déogratias akavaa miwani, akafungua zile fishi alizoleta Onesphore, moja moja, akasoma kwa sauti: mgongo, mgongo, mgongo, mara tisa. Kisha Onesphore akasimama. Namkumbuka vizuri.

"Miye si nyama wa pori," akasema. "Mugongo niliingoja miaka sita. Kama iko ugonjwa ingine, muniambie leo, iko na jina gani, nitangoja tena. Nitangoja hata miaka kumi. Lakini kama hakuna ugonjwa, basi ni miye njo hanipende. Na hiyo siwezi kuitibu."

Kuku tu walikuwa wanakwaruza. Déogratias akanigeukia. "Mama Agathe, weye njo ulikuwa kinywa yake tangu mwanzo. Iko siku alisema anaumwa kitu ingine?"

Ninahazwe akainua macho. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa. Na wakati huo huo Vainqueur akatokea jikoni na sinia ya fanta, kwa sababu yeye ndiye mdogo wa wanaume na kazi yake ni kugawa. Akasimama mbele yangu, akanipa chupa, macho kwenye miguu yangu, kwa heshima. Kwa heshima ile ile tuliyolelewa nayo wote wawili. Yale maneno yalikuwa mdomoni: mlango wa mwanamke, kuingiliwa, kisu. Niyaseme, na chupa ya mkwe iko mkononi mwangu?

"Mgongo," nikasema. "Alisema mgongo."

Ninahazwe hakulia, hata hakunitukana. Aliinamisha tu kichwa tena, taratibu, akaanza kumtengenezea mtoto nywele. Wakamaliza shauri kabla fanta hazijaisha: arudi kwao. Kesho yake alipanda pikipiki kurudi Lubarika na mfuko mmoja. Mtoto akabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Mwaka ukapita. Niliandika fishi zangu. Usidhani nilikuwa silali. Nilikuwa nalala, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilijiambia mambo ya ndoa ni ya Mungu.

Kisha akaja Consolée. Huyu ni mkunga, alifanya kazi miaka mingi huko milimani Lemera, mwanamke mnene mwenye sauti ya muuza mikeke. Wakampa chumba kilicho nyuma ya meza yangu, mlango ni pazia tu. Siku ya kwanza, mgonjwa wa kwanza, namsikia anauliza, wazi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mama, weye na bwana mukilala pamoja, iko inakuuma?"

Kalamu ikanianguka. Nikaingia mbio. "Dada! Inje iko wanaume kwenye foleni!"

"Hao wanaume wamezaliwa na nani, mama?" akanijibu, na kumgeukia mgonjwa wake. "Inauma mlangoni ao ndani kabisa?"

Na yule mwanamke akajibu! Akajibu kwa maneno, bila mgongo wala kiuno. Kufika Ijumaa nilikuwa nimewasikia wanne. Mmoja alikuwa ananyonyesha, mwili umekauka, Consolée akamwambia hiyo ni kawaida ya kunyonyesha, akampa mafuta ya kulainisha na kumwambia asilazimishwe. Mwingine alikuwa na maambukizi, akaambiwa amlete bwana watibiwe wote wawili, la sivyo ni kuchota maji kwa kikapu. Mwingine uchungu ulikuwa chini ya tumbo, ndani, akapelekwa kupigwa picha, wakakuta uvimbe. Wa nne hakuwa na kidonda popote, ila aliozeshwa akiwa mdogo na mwili wake ulikuwa bado unaogopa. Huyo Consolée alikuwa anamrudisha kila Jumanne, wanaongea tu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na dawa yake. Jioni ile nilibaki nimesimama kwenye pazia kama mjinga.

"Kumbe ni ugonjwa kama mwingine," nikasema.

"Weye ulizani ni nini?"

"Nilidhani ni aibu."

Akanikazia macho. Huyo naye hana subira, tunafanana. "Mama Agathe, iko mutu ulimuacha?" Nikamwambia yuko. Nikamsimulia yote, mpaka fanta. Hakunifariji hata kidogo. Alisema: "Yuko wapi? Lubarika? Kesho uende kumuleta. Na kutafsiri utatafsiri weye mwenyewe."

Nilimkuta Ninahazwe ndani ya mpunga, maji yamefika magotini, anapalilia na mama yake. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega inaonekana kwenye nguo. Nikasimama kwenye tuta na viatu vyangu vya kanisani. Nikamwambia kwa Kirundi, kwa sauti, mbele ya mama yake mzazi, maneno yote aliyoninong'oneza ile siku ya kwanza, moja baada ya jingine, bila kukohoa. Kwamba kuna mkunga anayeyajua na anaweza kuyatibu.

Alinyooka. Akafuta matope usoni kwa mkono. "Aa," akasema. "Leo ndiyo umejua Kirundi?"

Lakini alikuja. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa sababu mtoto wake alikuwa Kalundu.

Kwenye kitanda cha Consolée hakunishika mkono, alishika chuma cha kitanda. Consolée alimwambia kabla ya kumgusa: ukisema simama, nasimama. Nikatafsiri. Akamgusa kwa kidole kimoja, pole pole, na Ninahazwe akaruka kama aliyeungua. "Hapo?" Hapo. Consolée akavua glovu, akakaa kwenye stuli, akakunja ngumi yake na kumwonyesha.

"Ona. Siku ya kuzaa ulichanika, wakashona, ikabaki kovu ngumu. Kila ikiguswa inauma. Na mwili si mjinga. Ukiuumiza leo, kesho unajifunga wenyewe mbele ya kuguswa, hivi." Akakaza ngumi mpaka vidole vikawa vyeupe. "Ukijifunga, inauma zaidi. Ikiuma zaidi, unajifunga zaidi. Si uchawi. Si kusema haupendi bwana yako. Ni kovu na woga, na vyote viwili vinatibika."

Nilitafsiri kila neno, uchi kama lilivyokuja. Ninahazwe akaniambia: "Rudia pale." Nikauliza wapi. "Pale pa bwana." Nikarudia: si kwamba humpendi bwana yako. Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka wagonjwa wa nje wakanyamaza. Miaka yote ile, hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba moyo wake ndio mbaya.

Akakaa kwangu miezi mingi. Asubuhi na jioni beseni la maji ya vuguvugu. Mafuta kwenye kovu, kulikanda kwa kidole chake mwenyewe, kidogo, kisha zaidi kidogo. Kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuulegeza mwili chini, kukaza na kuachia, ili zile nyama zijifunze tena kufunguka. Siku nyingine alikuwa anatupa chupa ya mafuta ukutani na kukataa. Siku hizo Consolée alisema mwacheni apumzike, mwili haupigwi fimbo. Palipobaki pagumu, daktari wa Lemera alipalegeza kwa upasuaji mdogo na sindano ya ganzi, yeye na Consolée wakashuka siku ya tatu. Na siku moja, anachambua maharage barazani, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba kovu haliumi tena. Anagusa, na haliumi.

Consolée akasema sasa aje bwana, aelezwe naye: kwenda pole pole, kutumia mafuta, na mke akisema simama, anasimama. "Kwa kweli bwana alitakiwa aje siku ya kwanza," akasema. Nikajitolea kumfuata. Nilijua kwamba ni zamu yangu.

Onesphore nilimkuta bandarini, amekaa juu ya magunia, kifua wazi, wapakuzi wenzake wamemzunguka. Nilisema yote pale pale. Nilisema kovu liko wapi. Nilisema linauma wakati gani. Wanaume wazima wale walitazama ziwa, na hakuna aliyecheka.

Onesphore akashuka kwenye magunia. "Weye ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatingisha kichwa, kama mtu anayesikia hesabu isiyokubali. "Nilinunua godoro," akasema. "Nilikuuliza mbele ya kaka yangu. Nilisema nitangoja."

"Ulisema."

"Sasa juu ya ile godoro iko analala bibi mwingine, ana mimba ya miezi sita. Huyo hana kosa. Nimufukuze?" Akaningoja nijibu, kwa kweli alikuwa anangoja, kama nilivyokuwa kinywa siku zote basi niseme na hilo. Mimi nikarudi nyumbani.

Nilimwambia Ninahazwe habari hiyo akiwa anasafisha masufuria. Hakuacha kusugua. Aliuliza tu mtoto anasoma shule gani. Nikamwambia ni ile iliyo juu ya barabara ya bandari, wanatoka saa sita na nusu.

Hakurudi Lubarika. Alikwenda kwa wale wanawake wa magunia, akaomba mkanda. Nasikia walipiga vigelegele: Kamyoni amerudi! Anapanga chumba hapa hapa Kalundu kwa sasa, na kila siku ya shule, saa sita na nusu, anajipangia awe anapanda na mzigo wake pale mbele ya lango, ili mtoto atoke amwone. Mtoto anamsindikiza mpaka juu, ameshika kona ya gunia. Déogratias anajua, ananyamaza.

Mwezi uliopita nilikutana naye pale kwenye mpando. Unga kilo hamsini, mkanda umemvuta ngozi ya paji, mtoto pembeni na begi lake. Nyuma yake wabebaji wengine, wanaume kwa wanawake. Na mimi, mzee wa mazoea, ulimi huu uliozoea kujisitiri kabla akili haijaamka, nikamwambia: "Pole na mgongo, mwanangu."

Akasimama. Hakulitua gunia. Akageuza shingo kadiri mkanda ulivyomruhusu, na siku hiyo hakutumia Kirundi wala hakunong'ona. Alinijibu kwa Kiswahili, foleni nzima ikasikia:

"Mama Agathe, mugongo yangu haiyaniumaka hata siku moja."

Nikashuka kwenye mtaro, nikampisha apite.